Palizi ya Uwanja

Ruangwa,
29 Novemba 1981

Mwanangu Dastani,

Barua yako nimeipata Jumatano, kaileta yule dereva wa lori la korosho. Nimeisoma mwenyewe mara tatu bila kusomewa na mtu, maana mama yako darasa la nne la misheni hakulimaliza kwa kubahatisha. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto unaniamsha alfajiri.

Basi umepata kazi! Msimamizi wa uwanja mpya wa michezo Nachingwea! Nilitoka nje na barua mkononi, kanga imenivuka bega, nikaenda moja kwa moja kwa jirani yetu Goreti. Alikuwa anatwanga. Nikamwambia, "Goreti, weka mchi chini, kuna habari." Akasikiliza, akasema, "Na wangu dereva Lindi." Nikamjibu, "Dereva anaendesha gari la mtu. Wangu anaendesha mradi." Akaushika tena mchi wake, akatwanga kama anapigana na mtu.

Marehemu baba yako Linus alifanya kibarua hapohapo Nachingwea enzi za Wazungu wa mradi wa karanga. Aling'oa visiki miaka mitatu, Wazungu wakafunga mizigo, akarudi na shati alilovaa. Sasa mwanaye ni msimamizi. Nimekwenda kaburini nimemwambia.

Ila kuna jambo sijalielewa. Uwanja unausimamia vipi miezi yote hiyo? Si ni kusafisha tu na kusimamisha magoli? Huu wa kwetu Ruangwa tuliutengeneza kwa majembe siku mbili, ukabaki mweupe, hakuna hata jani. Nieleze, watu wananiuliza.

Mama yako,
Marselina


Nachingwea,
12 Desemba 1981

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mguu. Usiende shamba la mbali mpaka upone.

Uwanja huu utakuwa tofauti na wa Ruangwa. Utakuwa wa kijani kutoka goli hadi goli, umefunikwa kama zulia, ili mchezaji akianguka asichubuke. Mradi umeazima mashine. Ni tangi kubwa linalokokotwa na trekta, lina pampu na mpira mrefu. Ndani tunatia maji, mbegu, mbolea, karatasi zilizosagwa na gundi kidogo, na mashine inakoroga mpaka vinakuwa kama uji wa mtama. Halafu tunatia rangi ya kijani, ili anayeshika mpira aone alipokwisha kupita. Tunaumwaga uji huo juu ya ardhi. Gundi inazishika mbegu zisichukuliwe na mvua, karatasi zinatunza unyevu. Mbegu ni maalumu, zimetoka nje ya nchi.

Ila Mama, nakuomba tuelewane. Niko kwenye majaribio. Mkuu wetu, Bwana Felisian, ameniambia wazi: wakaguzi watakuja mwisho wa Machi. Wakiukuta uwanja umefunikwa, nathibitishwa kazini na napelekwa kozi Morogoro. Wasipoukuta hivyo, natoka. Mashine itakaa hapa siku nne tu, kisha inakwenda mkoa mwingine na mbegu zilizobaki. Hakuna mara ya pili.

Kwa hiyo usiwatangazie watu sana mpaka Machi ipite.

Mwanao,
Dastani


Ruangwa,
28 Desemba 1981

Mwanangu,

Noeli tumeila vizuri, nimechinja jogoo, mguu wake nimekuwekea kisha nikaula kwa niaba yako.

Unaniambia nisitangaze. Sijatangaza. Nimewaambia wanakwaya tu, na katekista, na watu waliokuwa kisimani, na Goreti kwa sababu yupo karibu. Kila mtu ameshika kinywa. Mwanangu anaipikia ardhi uji! Uji wa kijani! Katekista amesema katika maisha yake hajasikia.

Goreti, unamjua, hawezi kuacha jambo likapita. Mbele za watu akaniuliza, "Mama Dastani, hizo mbegu ni za nini? Za maua? Za mchicha?" Nikamwambia, "Ni siri ya serikali." Watu wakacheka, lakini walicheka kwa heshima. Sasa niandikie ni mbegu za nini nisije kuaibika tena.

Na hilo la kutoka kazini usilitaje. Ukoo mzima huu, kwa baba na kwa mama, hatujapata mtu wa mshahara wa mwezi. Wewe ni wa kwanza. Nikiamka na mguu huu alfajiri nakumbuka hilo, nasimama.

Mama yako,
Marselina


Nachingwea,
21 Januari 1982

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumemaliza kumwaga tarehe 9. Siku nne nilishika mpira mwenyewe, sikumpa mtu, mpaka mikono yangu ikawa ya kijani hadi viwiko. Watu walijaa kutazama. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Mbona mnaipaka ardhi rangi? Mgeni gani anakuja?" Jioni ya siku ya nne uwanja ulikuwa kijani kitupu, na mashine ikaondoka.

Sasa kuna kungoja. Tarehe 14 ilishuka mvua kubwa mno, nililala macho wazi nikisikiliza bati. Asubuhi nikakuta uji umeshika, umechukuliwa kidogo tu upande wa kona. Rangi inafifia. Mbegu hazijachomoza bado. Kila asubuhi napiga magoti natazama ardhi kama mtu aliyeangusha sindano.

Vibarua wamepunguzwa wote. Tumebaki mimi na mlinzi, Mzee Saburi, mtu wa hapahapa. Kazi ni nyingi kuliko mikono. Mwanzoni mwa Februari nitakwenda Mtwara kutafuta dizeli ya pampu ya maji, maana mvua ikikata wiki mbili tu tumekwisha.

Umeniuliza mbegu za nini. Ni mmea wa kufunika ardhi, unatambaa. Jina lake la kitaalamu ni refu na ni la Kilatini. Mwambie Goreti hivyo.

Mwanao,
Dastani


Ruangwa,
4 Februari 1982

Mwanangu,

Nimemwambia Goreti ni Kilatini. Hakurudi kuuliza.

Lakini barua yako imenikosesha usingizi. Kazi nyingi kuliko mikono, na mama yako yuko hai? Sikiliza. Jumapili ya tarehe 14 kwaya yetu imealikwa parokia ya Nachingwea. Nimezungumza na wenzangu, tutatangulia Ijumaa na lori la korosho, wanawake ishirini na wawili, na kila mmoja na jembe lake. Jumamosi yote ni yako. Chochote kitakachohitaji mikono tutakifanya. Dionisia, kiongozi wetu, amesema yeye hajawahi kumfanyia kazi mtu wa serikali bure, lakini kwa Dastani atafanya.

Usinunue chochote, tutakuja na unga wetu.

Mama yako,
Marselina


Nachingwea,
14 Februari 1982

Mwanangu Dastani,

Namwachia Mzee Saburi barua hii. Tumekukosa! Umesafiri, na barua yangu tumeikuta imesukumwa chini ya mlango wako, haijafunguliwa. Lakini tusilie, kwa sababu Mungu ametuleta siku ileile uliyotuhitaji.

Mwanangu, nilipofika uwanjani nilishika kichwa. Ukoka! Umeota kila mahali, kutoka goli hadi goli, umeshaanza kutambaa na kushika mizizi kwenye vifundo. Ukoka uleule uliotumaliza viuno mimi na baba yako. Mbegu zako za Ulaya sikuziona hata moja, zimemezwa zote. Dionisia akasema, "Mama Dastani, wakubwa wakiona hivi mwanao ameumia."

Nikamwita Mzee Saburi. "Baba, msimamizi ameondoka lini?"

"Wiki moja sasa, mama."

"Na ukoka wote huu?"

"Unaota kama umerogwa. Kila nikiamka umezidi. Mimi mwenyewe unanisikitisha."

"Alikuachia agizo gani?"

"Kaniambia nisiruhusu ng'ombe, nisiruhusu mbuzi, nisiruhusu wacheza mpira."

"Sisi ni ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Mbuzi?"

Akacheka, akaenda kutufungulia geti, na baadaye akaleta jembe lake naye akaingia mstarini.

Mwanangu, laiti ungeona! Wanawake ishirini na wawili, mstari mmoja, tumeinama, Dionisia anaimbisha na sisi tunaitikia. Tulianza jua halijachomoza. Hatukukata tu juu kama wavivu, tulichimba tukatoa mizizi, kwa sababu ukoka ukiuachia kidole kimoja unarudi. Adhuhuri tulikula ugali palepale. Jioni tukaukusanya lundo kubwa kuliko nyumba, na leo asubuhi kabla ya misa tumelichoma, na wenye nguvu wakafagia. Mguu wangu umevimba, lakini sijali.

Sasa mbegu zako zimepata hewa, zitachomoza. Wakaguzi waje tu. Uwanja umetakata, ungeweza kuanika mpunga.

Nimekuachia karanga za kukaanga kwenye kopo. Kula.

Mama yako mwenye furaha,
Marselina


Kilimarondo,
17 Machi 1982

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilirudi kutoka Mtwara tarehe 15 Februari na mapipa mawili ya dizeli, na nilikwenda uwanjani kabla hata ya kufika nyumbani.

Niliikuta kazi yenu. Sijapata kuona palizi kama ile, wala sitaiona tena. Watu wote wa mradi walikuja kuitazama. Bwana Felisian alisimama katikati ya uwanja muda mrefu, hakusema neno.

Waambie Mama Dionisia na wenzake nawashukuru. Najua mlichoka. Karanga nilizila.

Mimi sasa nimehamishiwa Kilimarondo. Ni mbali, na njia ni mbaya wakati huu wa mvua, usije. Huku kuna eneo kubwa na ninalisimamia peke yangu. Wanyama wanatoka porini, kwa hiyo kazi haina mchana wala usiku. Barua zako zipitishie dukani kwa Bwana Amri, Nachingwea, atanipatia.

Kuna jambo moja nakuomba. Mtu yeyote asiyekuwa wa Ruangwa akikuuliza, sema ulikuja Nachingwea kwa ajili ya kwaya tu. Ni taratibu za ofisi, siyo kitu kikubwa. Na usimwandikie Bwana Felisian.

Mwanao,
Dastani


Ruangwa,
30 Machi 1982

Mwanangu mpenzi,

Nilijua! Nilijua tangu mwanzo! Mkuu mzima anasimama katikati ya uwanja anakosa la kusema! Barua hiyo nimeisoma mbele ya kwaya yote baada ya mazoezi, na nilipofika hapo Dionisia akapiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. Wametunga wimbo wenyewe, wa palizi ya uwanja, jina lako limo mara nne na langu mara moja.

Na sasa Kilimarondo, eneo kubwa, peke yako! Goreti alijaribu kusema, "Kilimarondo si ndiyo huko kwenye tembo?" Nikamwambia, "Ndiyo, kapewa na tembo awasimamie." Siku hizi ananiamkia yeye kwanza.

Hilo la kunyamaza nimelielewa. Hutaki wakubwa wajue ulisaidiwa, wasije kukupunguzia sifa. Basi, kwa watu wa nje sikufika. Lakini hapa Ruangwa nimechelewa, wanajua hata watoto wachanga.

Machi inakwisha kesho. Wakaguzi walisema nini? Barua ya kuthibitishwa umepewa? Usiikunje. Nimekwishaongea na fundi seremala, anachonga fremu.

Mama yako,
Marselina


Nachingwea,
20 Aprili 1982

Kwa Mama Dastani, Ruangwa.

Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni Saburi, mlinzi wa uwanja. Anayeniandikia ni binti yangu, kwa hiyo mwandiko usikushangaze.

Nia yangu ni kushukuru. Ningekuja mwenyewe ila siruhusiwi kuondoka kituoni. Tarehe 1 ya mwezi huu nimerudishwa kazini, na najua ni kwa sababu ya mwanao. Baada ya ninyi kuondoka nilichukuliwa, nikahojiwa siku mbili na kamati ya mradi. Walisema kuna watu wamehujumu mradi wa taifa, wanataka majina ya wanawake wote. Mimi majina siyajui, nilikujua wewe tu, na wewe sikukutaja. Siku ya tatu alikuja Dastani. Akawaambia, mbele yangu, kwamba ni yeye aliyetoa amri uwanja upaliliwe, kwamba alikosea, na kwamba mlinzi alitii tu. Wakampa karatasi akaandika na kutia sahihi. Wakanitoa mimi, wakamfukuza yeye siku hiyohiyo. Kitanda na sufuria zake alimwachia mke wangu.

Nasikia yuko Kilimarondo kwa mjomba wa mtu, anawalindia watu mashamba yao nguruwe wasiingie. Juzi aliyetoka huko alisema ana homa zisizokwisha.

Mama, mimi ni mkulima, na macho yangu yaliona ukoka kama yalivyoona yako. Kila siku najiuliza kwa nini sikuuliza. Wewe umezaa mtu. Nilidhani unayajua haya yote, naandika kutoa asante tu.

Saburi


Ruangwa,
5 Mei 1982

Mwanangu Dastani,

Nimekwenda Nachingwea. Ulinikataza, nimekwenda. Nilipokea barua ya Mzee Saburi, nikaisoma nikadhani sijui tena kusoma. Nikairudia neno kwa neno kwa kidole.

Nilipanda lori la asubuhi, nikaingia ofisini kwa Bwana Felisian bila kuitwa. Nilimkuta peke yake. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyepalilia uwanja. Mwanangu alikuwa Mtwara, hakuamuru chochote, hakujua chochote. Nifungeni mimi."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alinivutia kiti. Akaniuliza, "Mama, unajua tulipanda nini pale?"

"Mbegu maalumu. Za Kilatini."

"Za nini, mama?"

Nikaivuta kanga begani.

"Ukoka," akasema. "Tulipanda ukoka."

Nikacheka, mwanangu. Mungu anisamehe, nilicheka, nilidhani ananitania kunituliza. Nani apande ukoka? Akaniacha nikamaliza kucheka. Halafu akafungua faili, akanionyesha picha ya uwanja wa nchi nyingine, watu wanacheza mpira juu yake, na mimi nikautambua jani kwa jani.

Akasema, "Nilikuwa sijawahi kuona mbegu zikiota vizuri vile. Mwanao alikuwa hodari. Wiki sita nyingine ungefunga uwanja wote."

Nikamwambia, "Basi andika nilivyosema. Mrudishe."

Akafunga faili. "Mama, kuna karatasi humu yenye mwandiko wake inayosema aliamuru. Wewe ukisema hakuamuru, basi alidanganya kamati, na hilo ni kosa jingine. Itabidi tuanze upya. Tutaanza na mlinzi, kisha wewe, kisha wenzako mmoja mmoja. Nafasi yake hairudi hata hivyo. Nenda nyumbani. Usilizungumze hili na mtu, hata mimi hukuniambia."

Kutoka hapo nilipita uwanjani. Mvua za Machi zimeikuta ardhi tupu, zimechimba mifereji, mmoja unatoka goli hili mpaka lile, mtoto anaweza kulala ndani asionekane. Mzee Saburi aliniona kwa mbali, akavua kofia, hakunisogelea.

Kwa nini hukuniambia ni ukoka? Neno moja tu. Ningekaa pembeni ningeulinda kwa fimbo. Kwa nini, mwanangu?

Na homa hizo umetumia dawa gani? Nimekutumia kwa Bwana Amri vidonge, blanketi, na unga wa muhogo. Rudi nyumbani.

Mama yako,
Marselina


Kilimarondo,
23 Mei 1982

Mama,

Shikamoo. Vidonge na blanketi nimevipata. Homa inakuja na kwenda.

Sikutaka ujue. Nilimwomba Mzee Saburi asiende Ruangwa, sikufikiri angeandika.

Unaniuliza kwa nini. Mama, nilikuwa nakaa na kalamu, naandika "tunapanda", nasimama hapo. Nilikuona umeinama kwenye shamba la muhogo na Baba, tangu sijajua kutembea mpaka nilipokwenda sekondari, mnang'oa ukoka. Ada yangu ilitoka kwenye shamba lile. Ningekuandikia nini? Kwamba nimesomeshwa, nimepewa cheti, na sasa nalipwa kila mwezi kuuotesha? Niliona Goreti akicheka. Zaidi ya Goreti nilimwona Baba, hacheki, ananitazama tu. Nikasema nitamwambia Mama siku akija auone umefunga, kijani, watu wanacheza juu yake. Hapo nitamwambia jina lake na sote tutacheka.

Kwa hiyo lawama siyo yako. Mlinifanyia kazi ambayo mtu hawezi kuinunua. Mimi ndiye niliyeona aibu ya kazi yangu.

Usiwaambie wanakwaya. Mama Dionisia akijua atafariki. Waache waimbe.

Kurudi siwezi sasa. Nikija watataka kuniona msimamizi, na sitaweza kuwaangalia wakinitandikia mkeka. Huku hakuna anayenijua. Nalala juu kwenye dungu la kulindia shamba, napiga debe nguruwe wakija, wenye mashamba wananipa chakula. Nimepewa kipande changu cha kulima msimu ujao. Labda mwakani.

Mwanao,
Dastani


Ruangwa,
13 Juni 1982

Mwanangu Dastani,

Barua yako imefika. Sitakulazimisha kurudi, nimekwishakufanyia ya kutosha kwa nguvu zangu.

Baba yako asingekutazama hivyo. Angeuliza tu, "Unalipwa?" Ungesema ndiyo, angesema, "Basi panda." Ungeniuliza mimi, ningekuambia.

Kwaya bado wanauimba ule wimbo. Nami nasimama pale katikati nautikisa mdomo. Jumapili iliyopita waliuimba mbele ya padri, akapenda, akasema tuufundishe hata kwenye vigango vingine vya parokia. Dionisia alinikumbatia. Ana mgongo unaomuuma tangu siku ile na anajivunia maumivu yake.

Wanauliza ulithibitishwa lini. Nimesema barua ziko njiani. Fundi seremala nimemwambia fremu asubiri.

Hapa jirani wamehamia watu wapya, mwalimu ametoka Bukoba na mkewe. Mke ni mtu mwema, hajui mtu hapa wala habari za mtu. Jana alikuja kukaa nami barazani tukapukuchua mahindi pamoja. Akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Nikamwambia, "Mmoja. Wa kiume."

"Yuko wapi?"

"Kilimarondo."

"Anafanya kazi gani huko?"

Mwanangu, kilichonijaa kifuani ungekisikia ukiwa hukohuko. Nina mtoto aliyetia sahihi mahali pangu. Hakuna mama Ruangwa hii, wala Lindi, mwenye kitu kama hicho cha kusema, na nilikuwa nimekwishafungua mdomo.

"Analima," nikasema.

Akangoja niendelee. Nikachukua hindi jingine.

Mama yako,
Marselina